Gharama ambazo daftari halizionyeshi: uchumi katika maamuzi ya kiwanda cha sembe

Mhasibu anapofunga vitabu mwisho wa mwezi hujibu swali moja: fedha zimekwenda wapi? Meneja ana swali jingine: nikichagua hili na kuacha lile, kitabadilika nini? Maswali haya hufanana kwa sura, ndiyo maana huchanganywa kila siku. Jibu la swali la kwanza likitumika kujibu la pili, kiwanda hukataa oda yenye faida, hushusha bei mahali ambapo hakuna kitakachorudi, na huendelea kulisha mashine mbovu kwa sababu tu imeshakula fedha nyingi. Uchumi, ukiondolewa michoro yake ya darasani, ni ufundi wa kujibu swali la pili.

Tuchukue kiwanda kidogo cha sembe, cha aina iliyojaa Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam, kinachopokea mahindi ya Makambako au Kibaigwa. Tarakimu zote za bei na gharama hapa ni za mfano. Mwenye kiwanda aweke zake, hesabu itabaki ileile.

Tani moja ya mahindi ikikobolewa na kusagwa inatoa kilo 750 za sembe na kilo 220 za pumba. Kilo 30 zinapotea kama takataka, vumbi na unyevu. Mahindi yananunuliwa shilingi 700 kwa kilo yakiwa yamefika kiwandani, sembe inatoka getini kwa shilingi 1,100, na pumba wafugaji wanazichukua kwa 400. Kwa hiyo tani inaingiza 825,000 za sembe na 88,000 za pumba, jumla 913,000. Tani hiyohiyo inakula mahindi ya 700,000, umeme 30,000, mifuko 24,000, vibarua 20,000, usafiri wa kupeleka madukani 20,000 na vipuri 6,000. Jumla ni 800,000. Inabaki 113,000, ambayo tutaiita mchango wa tani, maana ndiyo inayochangia kulipa gharama za kudumu: pango, mishahara ya mwezi, ulinzi, leseni na rejesho la mkopo wa mashine. Hizo za kudumu tuseme ni milioni 16 kwa mwezi, uzalishaji uwe mkubwa au mdogo.

Kiwanda kinasaga tani 200 kwa mwezi ingawa kina uwezo wa 250. Mchango wa tani 200 ni milioni 22.6, ukitoa milioni 16, faida ni milioni 6.6. Ukigawa milioni 16 kwa 113,000 unapata kama tani 142: chini ya hapo ni hasara.

Oda ya shilingi 1,000

Shule ya bweni inataka kilo 15,000 za sembe kila mwezi, lakini haitatoa zaidi ya shilingi 1,000 kwa kilo. Mhasibu anapiga hesabu: gharama zote kwa tani ni 800,000 na sehemu ya zile za kudumu 80,000, jumla 880,000, toa pumba 88,000, gawa kwa kilo 750, kilo ya sembe inagharimu 1,056. Oda ina hasara ya shilingi 56 kwa kila kilo. Ikataliwe.

Kosa liko kwenye zile 80,000. Pango halitapanda kwa sababu shule imeongezwa, mlinzi hatalipwa mara mbili. Gharama ambayo oda inaiongeza kweli ni 800,000 kwa tani, na ukitoa pumba ni kama shilingi 949 kwa kilo ya sembe. Kila kilo inaacha shilingi 51 hivi. Kilo 15,000 zinahitaji tani 20 za mahindi, na tani 20 zinaacha shilingi 760,000 ambazo bila oda zisingekuwepo.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoumia. Hesabu ya nyongeza inataka uhesabu kila kinachobadilika, na vinavyobadilika havikai vyote ndani ya kinu. Tuseme shule hii hulipa baada ya siku 90. Kila mwezi unatoa milioni 16 kwa ajili ya tani zile 20 na unapata milioni 1.76 za pumba papo hapo, milioni 14.24 zinasubiri. Oda ikishakolea, daima una miezi mitatu ya fedha iliyolala nje, karibu milioni 42.7. Ikiwa mkopo wako wa biashara ni wa riba ya 18% kwa mwaka, yaani 1.5% kwa mwezi, fedha hiyo inakula kama shilingi 640,000 kila mwezi. Faida ya 760,000 imebaki 120,000. Ada ikichelewa kulipwa na wazazi, shule nayo ikachelewa mwezi mmoja zaidi, oda imegeuka mzigo.

Kisha kuna wenye maduka. Unawauzia kilo 150,000 kwa mwezi. Wakisikia shule inapata kwa 1,000, wakakulazimisha uwapunguzie shilingi 5 tu kwa kilo, umepoteza 750,000. Shilingi 5 zimeifuta oda nzima. Kwa hiyo bei maalumu inataka ukuta kati ya soko na soko: mfuko wa kilo 50 usio na nembo ambao mwenye duka hawezi kuuweka rafuni, au mkataba unaozuia kuuza tena. Mwishowe angalia pumba. Zitaongezeka tani 4.4 kwa mwezi, na wafugaji wako wakiwa wameshatosheka, zile za ziada zitauzwa kwa bei ya kutupa.

Oda hii bado inaweza kufaa. Shule ikilipa ndani ya siku 30 riba inashuka hadi kama 214,000 kwa mwezi, na inabaki zaidi ya nusu milioni. Basi mazungumzo na bwana bohari wa shule yanapaswa kuwa juu ya siku za malipo kuliko shilingi za bei.

Bei: nani ataondoka?

Mnyumbuko wa mahitaji, neno zito la vitabuni, ni kipimo cha kitu rahisi: bei ikipanda kwa asilimia moja, mauzo yanashuka kwa asilimia ngapi? Meneja hahitaji tarakimu kamili ili aanze kulitumia. Anahitaji kwanza kujua anaweza kupoteza wateja kiasi gani kabla hajajuta.

Leo kila kilo ya sembe inaacha mchango wa shilingi 151 hivi, yaani 1,100 kutoa 949. Ukipandisha bei hadi 1,150, inaacha 201. Gawa 50 kwa 201: unaweza kupoteza karibu robo ya mauzo na mchango wote ukabaki palepale. Sasa geuza. Ukishusha hadi 1,050, kilo inaacha 101, na ili usirudi nyuma lazima mauzo yaongezeke kwa karibu nusu. Lakini kiwanda kina nafasi ya robo tu, kutoka tani 200 hadi 250. Hata wateja wakipanga foleni hadi barabarani, punguzo hilo haliwezi kulipa. Hii ni hesabu ya dakika mbili na inazuia makosa ya miezi. Biashara yenye mchango mdogo kwa kila kilo haina haki ya kucheza na punguzo.

Je, upandishe? Hapa watu huchanganya soko zima na kiwanda chako. Familia haiachi ugali kwa sababu unga umepanda shilingi 50. Sembe ikipanda kila mahali, wachache watahamia dona au wali, wengi watalipa. Lakini unga wako ukipanda peke yake, mama aliyesimama dukani anahitaji tu kunyoosha kidole kwenye mfuko wa jirani. Mahitaji ya sembe hayanyumbuki sana. Mahitaji ya nembo yako yananyumbuka kama mpira. Ongezeko la shilingi 50 ni 4.5%, na kwa sembe isiyo na sifa ya pekee, kupoteza robo ya mauzo si jambo la ajabu. Kinachopunguza mnyumbuko ni sababu ya mteja kukurudia: weupe usiobadilika, unga usio na mchanga, gari linalofika siku uliyosema, na mkopo wa wiki moja kwa mwenye duka.

Pima kwa majaribio. Chagua eneo moja, tuseme Mbagala, upandishe bei huko tu, na Kinondoni uiache ilivyo. Subiri wiki nne kamili ili mwisho wa mwezi, watu wanapokuwa na mishahara, uingie kwa pande zote mbili. Usianze jaribio Ramadhani inapokaribia wala shule zinapofunguliwa. Linganisha badiliko la Mbagala na badiliko la Kinondoni, usilinganishe Mbagala ya leo na Mbagala ya mwezi uliopita. Meneja aliyepandisha bei Januari na kuona mauzo yameongezeka anaweza kudhani wateja wake hawajali bei, kumbe mahindi yaliadimika, kinu cha jirani kikasimama, na wateja wa jirani wakamjia yeye. Bei na mauzo vyote vilisukumwa na kitu cha tatu.

Jirani naye ana macho. Ukishusha leo, kesho ameshusha, na wote wawili mmebaki na wateja walewale kwa mchango mdogo. Hilo lisiwe sababu ya kukaa naye mkapanga bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ya namna hiyo Tanzania, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kutoza faini.

Mahindi ya ghalani yana bei ya leo

Nyanda za Juu Kusini huvuna kuanzia Mei na Juni, na bei kwa kawaida huwa chini hadi Agosti, kisha hupanda kuelekea Januari na Februari. Kila mwaka meneja anakutana na kishawishi kilekile: ninunue Julai kwa 550 nihifadhi.

Weka gharama zote. Kilo ya shilingi 550 iliyokaa miezi 6 inakula riba ya 9%, sawa na 49.5. Pango la ghala tuseme 30, dawa ya wadudu na magunia 12. Jumla 641.5. Panya, wadudu na kukauka vikichukua 4% ya uzito, gawa kwa 0.96 upate 668. Chini ya bei hiyo mwezi Januari, kununua Januari kungekuwa nafuu kuliko kuhifadhi.

Unyevu ndio mtego mkubwa wa hesabu hii. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi 13.5%. Ukinunua tani moja yenye unyevu wa 16% na ikakaukia ghalani hadi 13.5%, umebaki na kilo 971. Kwa bei ya 700 ulilipa shilingi 20,000 kununua maji, na bei yako halisi ilikuwa 721. Kipima unyevu kinajilipa ndani ya lori moja. Mahindi mabichi pia huota kuvu inayoleta sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kukausha baadaye.

Mstari wa riba wengi huufuta wakisema fedha ni yao, haikutoka benki. Fedha yako ingeweza kununua hatifungani ya Serikali, kulipa deni la mashine, au kununua mahindi ya kusaga na kuuza kila wiki. Faida ya njia bora uliyoiacha ndiyo gharama ya fursa, na inadaiwa hata kama hakuna anayekuja kuidai.

Tena Januari haina bei moja. Tuseme kwa uzoefu wako kuna nafasi 3 kati ya 10 kwamba bei itafika 800, nafasi 4 itakuwa 700, na nafasi 3 itaanguka hadi 580. Wastani wake ni 694, juu ya 668. Kwa tani 100 zilizobaki 96 unatarajia faida ya kama milioni 2.5. Lakini bei ikiwa 580 unapoteza kama milioni 8.5, zaidi ya faida ya mwezi mzima wa kinu. Kiwanda ambacho hasara hiyo ingekifanya kishindwe kulipa rejesho la mkopo kihifadhi nusu au theluthi, hata kama wastani unavutia. Nafasi ya kuanguka nayo si ya kufikirika. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama Namanga, na ingawa zuio liliondolewa ndani ya siku chache, biashara ilirudi ikiwa na masharti ya vyeti. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akifungua maghala yake, bei nayo hushuka. Fuatilia hayo, pamoja na utabiri wa mvua wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kabla ya kubadilisha zile nafasi 3, 4 na 3.

Sasa Januari imefika. Mahindi sokoni ni 790, sembe bado iko 1,100, kwa sababu wasagaji wenye akiba ya Julai wanaendelea kuuza kwa hesabu ya bei waliyonunulia. Nawe una mahindi yaliyokugharimu 668. Kila tani ukiisaga inaonekana kuacha 145,000, na kinu kinaonekana kina faida kubwa.

Kinu hakina faida hiyo. Mahindi uliyonayo ungeweza kuyauza leo kwa 790 ukitoa gharama ndogo ya kupakia, basi kuyasaga kunakugharimu 790. Kwa bei hiyo tani inagharimu 890,000, inaingiza 913,000, inaacha 23,000. Zile 122,000 nyingine zimeletwa na ghala, zingekuwa zako hata mashine ingezimwa. Hizi ni biashara mbili ndani ya ukuta mmoja, na asiyezitenganisha hatajua ipi inamlisha. Daftari la mhasibu litaandika bei uliyonunulia, na kwa kodi na ukaguzi liko sahihi. Uamuzi wa leo unatumia bei ya leo.

Kanuni hiyo inafanya kazi na upande wa maumivu. Bei ikianguka hadi 580, hakuna maana ya kung'ang'ania sembe ya bei juu "ili zirudi zile 668". Maji yakimwagika hayazoleki; mteja hakuwepo uliponunua, na hatalipia hesabu yako ya Julai.

Hasara ya kuvumilia na hasara ya kukimbia

Kwa mchango wa 23,000, tani 200 zinaleta milioni 4.6 dhidi ya gharama za kudumu za milioni 16. Hasara milioni 11.4. Ufunge hadi mavuno? Jibu liko kwenye swali dogo: ukifunga, ni gharama zipi za kudumu zitakoma kweli? Pango la mkataba wa mwaka halikomi, mkopo haukomi. Ikiwa unaweza kuokoa milioni 3 tu, kufunga kunakugharimu 13, basi endelea kusaga ukipoteza 11.4. Ikiwa unaweza kuokoa milioni 5, kufunga kunagharimu 11, na kuendelea ni kosa. Neno "za kudumu" linaficha tofauti hii, kwa hiyo kila Desemba pitia mstari mmoja mmoja uandike kando: inakoma au haikomi.

Kuna njia ya tatu ambayo mameneja wengi huidharau kwa sababu mauzo yake yanaonekana madogo, nayo ni kusagia watu. Mteja analeta mahindi na magunia yake, anaondoka na sembe na pumba zake, analipa shilingi 80 kwa kilo ya mahindi. Tani inaingiza 80,000. Inakula umeme 30,000, vibarua 10,000, vipuri 6,000. Inaacha 34,000, bila shilingi iliyofungwa kwenye mahindi wala hofu ya bei. Januari ile, kuuza mahindi yako yakiwa mahindi na kuwasagia wengine kunakupa 11,000 zaidi kwa kila tani kuliko kusaga ya kwako, mradi wateja wa kusagiwa wapo. Angalizo moja: rafu za maduka zikikaa miezi miwili bila mfuko wako, nembo nyingine itahamia hapo, na kuirudisha kuna gharama. Wengi hugawa saa za mashine, sehemu ndogo kwa maduka ya kuaminika, nyingine kwa kusagia.

Kununua mashine mpya ndiko uamuzi wa leo unakodumu muda mrefu zaidi. Tuseme mashine ya milioni 40 itaokoa milioni 14 kwa mwaka kwa miaka 4, kisha iuzwe chakavu kwa milioni 5. Kwa kujumlisha tu, 61 kutoa 40, faida ni milioni 21. Lakini shilingi ya mwaka wa nne haina thamani ya shilingi ya leo. Kwa riba ya 18%, shilingi 1 ya baada ya mwaka mmoja ina thamani ya senti 84.7 leo, ya miaka miwili 71.8, ya mitatu 60.9, ya minne 51.6. Zidisha na ujumlishe: milioni 40.24. Faida ya kweli ni shilingi 240,000, na fundi akichelewa kuifunga mashine kwa miezi mitatu, imekwisha. Bei uliyonunulia mashine ya zamani haimo popote katika hesabu hii; kinachoingia ni kile ambacho ungekipata ukiiuza leo.

Kabla ya kukopa milioni 40, pima sembe inayotoka kwenye mashine uliyonayo. Ikiwa kati ya kila tani kilo 10 za sembe zinakimbilia kwenye pumba, yaani 75% imeshuka hadi 74%, unapoteza 1,100 na kupata 400 kwa kila kilo: shilingi 7,000 kwa tani, milioni 1.4 kwa mwezi, zaidi ya moja ya tano ya faida yote. Chanzo mara nyingi ni chekeche lililotoboka, mahindi yenye unyevu, au mwendeshaji anayekaza mashine kupita kiasi ili unga uwe mweupe. Chekeche jipya ni sehemu ndogo mno ya fedha hiyo, na mzani wa kupima pumba kila jioni unatosha kuonyesha siku lilipotoboka.